Mishale kumi na miwili na msumeno usiouliza

Ule mlio bado ninao masikioni. Ziii, kimya, ziii, kimya, mara kumi na mbili. Msumeno mdogo wa umeme ulikuwa unakata mishale yangu nyuma ya kaunta, mmoja baada ya mwingine, na mimi bado natafuta kadi ya benki mfukoni. Sikuulizwa kama ikatwe. Sikuulizwa kamba naivuta mpaka wapi. Yule bwana alinitazama tu kutoka utosini hadi kwenye viatu, kama seremala anayekadiria jeneza, akasema, "Kwa kimo chako, inchi 27 zinatosha," akawasha mashine.

Duka la pinde na mishale ninalolipa nyota hapa liko nje kidogo ya Minneapolis, Marekani. Jina silitaji, sitaki maneno na mtu. Nilienda majani yalipoanza kupukutika, wakati ambao nusu ya watu wa huku wanatembea na nguo za mabakamabaka wakizungumzia kulungu. Mimi kulungu sina haja naye. Nilikuwa nimejinunulia upinde wa mti mtupu, hickory ya kipande kimoja, bila kile kidirisha cha pembeni cha kupitishia mshale. Mshale unakaa juu ya ngumi yako, basi. Nilipoushika mara ya kwanza nilimkumbuka babu, Kitui, na uta wake uliokuwa ukining'inia juu ya mlango ambao sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuunyooshea kidole.

Nikamwambia muuzaji hayo yote, kwa ujinga wangu. Akacheka. "Wewe ni wa Kenya? Mimi nilidhani nyinyi huzaliwa na haya mambo." Nilitaka kumjibu kwamba Waata, wawindaji wa Tsavo, walikuwa wakiangusha ndovu kwa upinde na sumu, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa anajua, kila mmoja alifundishwa na mtu. Sikujibu. Nilitabasamu, nikalipa. Hilo tabasamu ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko pesa.

Sasa sikilizeni tatizo. Upinde wangu umeandikwa paundi 40 kwa mvuto wa inchi 28, yaani ndiyo nguvu ya kuivuta kamba mpaka hapo. Mikono yangu ni mifupi, naishia inchi 26, na kila inchi unayopunguza inaondoa paundi mbili hivi au tatu. Kwa hiyo vidole vyangu vinabeba kama paundi 35 tu. Tena upinde usio na kidirisha unaulazimisha mshale ujipinde kuuzunguka mti ndipo unyooke uende zake, kwa hiyo unataka mshale mlegevu kidogo. Yeye alisoma ile 40, akaongeza za kwake kichwani, akanipa uti, yaani fimbo ya mshale, wenye ugumu wa kufaa upinde wa paundi 50 hadi 55. Halafu akaukata. Mshale ukiukata unazidi kuwa mgumu! Nilikuwa nimemwambia aniachie mirefu, niirekebishe mwenyewe polepole nyumbani. Uti mrefu unaweza kuupunguza nusu inchi leo, nusu inchi kesho, mpaka upinde uridhike. Mfupi utaurefusha na nini, mate?

Nyumbani mishale ikawa inagonga ubavu wa upinde, kwa!, kisha inakwenda kushoto. Yote. Napiga kwa mkono wa kulia, na mshale mgumu kupita kiasi kwa mtu wa mkono wa kulia huenda kushoto. Nikabandua manyoya kwenye mmoja nikaupiga kwa karibu, maana manyoya huficha makosa na mshale uliovuliwa hauna pa kujifichia. Ulitua umelala mshazari, nyuma yake imeelekea kulia kama mkia wa mbwa.

Nikapiga simu. "Ni vidole vyako," akasema. "Unaachia vibaya." Hakuuliza hata swali moja.

Basi nikafanya kipimo wanachofanya wenyewe. Misumari miwili, inchi 26 kati yao, uti umelazwa juu, na katikati unaning'iniza uzito wa paundi mbili. Mimi nilining'iniza pakiti ya sukari ya kahawia, huku inauzwa paundi mbili kamili. Uti ukashuka chini kidogo ya nusu inchi. Unachukua 26 unagawanya kwa huo mshuko, unapata paundi za upinde unaoufaa: zaidi ya 52. Wa kwangu ulitakiwa ushuke karibu robo tatu ya inchi. Mke wangu akaniuliza kwa nini sukari imefungwa kamba. Nikamwambia ni ushahidi.

Nilirudi dukani na ushahidi wangu. Jibu: "Haturudishi mishale iliyokatwa." Jamani! Nani aliyeikata?

Nyota moja. Sifuri, kama ingewezekana.

Lakini ngoja, nisije nikadhulumu. Mishale yenyewe ni kazi safi. Mwerezi wa Oregon, ukiuvunja (nimevunja mmoja, kwa hasira, siyo kwa bahati mbaya) chumba kizima kinanukia. Manyoya ya bata mzinga, yote matatu ya bawa la upande mmoja, gundi haina hata tone lililochuruzika. Aliyeitengeneza anajua kazi, na sidhani ni yule wa kaunta.

Na kuna jingine, nalisema kwa shingo upande. Kamba yangu ilikuwa imelegea. Umbali kati yake na upinde haukufika ngumi na dole gumba lililosimamishwa, kipimo ambacho hata mtoto wa mwaka wa kwanza wa mchezo huu anacho mkononi. Nikaisokota mizunguko kumi hivi, ikapanda, na ule mgongano ukapungua karibu nusu. Kwa hiyo nusu ya kelele ilikuwa yangu. Nusu! Ile nyingine ni yake, na siirudishi, kama yeye asivyorudisha.

Nimejaribu kuiokoa. Chembe, zile ncha za chuma, za greini 125 (kipimo kidogo cha uzito) nimezitoa nikaweka za 190, kwa sababu uzito mbele huulegeza mshale. Nimeisugua katikati kwa msasa, napima kwa sukari, nasugua tena. Mitatu imekubali. Jumamosi moja mmoja ulitoka bila kugusa chochote, kimya kabisa, ukaingia katikati, na nikajikuta nasema "Haya basi, nyota tatu," peke yangu uwanjani.

Kisha nikakumbuka "nyinyi huzaliwa na haya mambo." Babu alikuwa akiinua uti kwenye jicho moja, anaupinda kwa kidole, anautupa au anauweka. Hakuwa na mashine wala chati ukutani, lakini kwanza alikutazama mkono wako. Nyota moja inabaki pale pale.

Minane iliyobaki sijaigusa. Kama kuna anayevuta paundi 50 na kitu na mkono wake unaishia 26 kama wangu, namuuzia nusu bei. Zaidi ya hapo chembe itamrudi mkononi. Na ajue mapema, mishale iliyokatwa siirudishi.