Nairobi–Mombasa kwa ndege: dakika 45 angani, saa nne mlangoni hadi mlangoni

Kati ya JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na uwanja wa Moi wa Mombasa kuna takriban kilomita 420 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti hukaa angani kama dakika 45. Tiketi huandikwa saa moja kwa sababu inahesabu pia muda wa kutembea kwenye lami, na ndege ya propela huchelewa kidogo zaidi.

Muda wenyewe hupotelea ardhini. Fika uwanjani dakika 90 kabla. Jioni, Mombasa Road, barabara ya kwenda JKIA, peke yake yaweza kula saa nzima, kwa hiyo ndege ya alfajiri ndiyo tunayoipendekeza. Keti dirisha la kulia ukielekea pwani; mawingu yakiondoka, Kilimanjaro inaonekana vizuri mno.

Anayeenda Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, asikate tiketi ya Moi bila kufikiri: atalazimika kuvuka feri ya Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Ndege za Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, hutua Ukunda, karibu kabisa na hoteli za Diani.

Treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa huchukua saa tano hivi. Kwa mwenye mizigo mizito, treni bado ni nafuu.