Miezi minane na pedali za SPD katika barabara za Malindi

Pedali za SPD, zile za baiskeli zinazonasa kiatu cha mwendeshaji, zinapaswa kupimwa kwa jinsi zinavyouachia mguu kabla ya kupimwa kwa jinsi zinavyoushika. Wauzaji husifu ushikaji: kwamba kiatu hunasa, kwamba nguvu haipotei, kwamba mwendo huongezeka. Lakini anayejifunza katika mji kama wetu, ambako tuktuk husimama ghafla kuchukua abiria na bodaboda hupenya kila upande, anahitaji kwanza kujua atatoka vipi, kwa mguu upi na kwa haraka gani. Nilizifunga kwenye baiskeli yangu mwezi wa Machi, kaskazi ilipokuwa ikikatika, na sasa kaskazi nyingine imeanza kuvuma. Naziona ni kitu kizuri, tena nimezipenda kweli, ila zina masharti ambayo hakuna aliyenieleza siku ya kununua.

Kwa wasiozifahamu, pedali ya SPD ni ndogo kuliko kiganja cha mtoto, na kila upande wake una taya mbili za chuma. Taya la mbele limetulia, la nyuma linashikiliwa na springi. Chini ya kiatu kuna kibati cha chuma kiitwacho kliti, kilichofungwa kwa bolti mbili. Mwendeshaji hutanguliza ncha ya kliti chini ya taya la mbele, akakandamiza kwa uzito wa mguu, na taya la nyuma likajifunga kwa mlio mfupi wa chuma. Kutoka hakuhitaji kuvuta mguu juu, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu ukivuta juu pedali inakukatalia. Unatoka kwa kupeleka kisigino nje, mbali na baiskeli, kama mtu anayezima moto wa sigara kwa kisigino.

Kwa Kiingereza zimepewa jina lenye maana ya "zisizo na klipu", jambo linalomchanganya kila anayelisikia, maana ndizo hasa zinazoshika. Sababu ni kwamba zamani waendeshaji wa mashindano walitia ncha ya kiatu ndani ya kijikapu cha chuma kilichoitwa klipu na kukaza mkanda juu yake. Kampuni ya Ufaransa ya Look ilitoa pedali ya kujifunga yenyewe mwaka 1984, kwa kufuata wazo la viatu vya kuteleza kwenye theluji, na mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za baiskeli za Tour de France akiwa nazo. SPD zenyewe ni kazi ya Shimano ya Japani, nazo zilitoka mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani. Shimano waliifanya kliti kuwa ndogo na kuizamisha ndani ya soli, ili mtu akishuka aweze kutembea. Jozi niliyonunua mimi imetengenezwa na kampuni nyingine inayofuata mfumo huohuo.

Huko kuzama kwa kliti ndiko kunakozifanya SPD zitufae zaidi hapa kuliko aina ya mashindano ya barabarani, ambayo kliti yake ni kubwa, hutokeza chini ya soli na hufungwa kwa bolti tatu. Nililijua hilo kwa gharama. Duka moja jijini Mombasa liliniuzia viatu vyenye matundu matatu, likanihakikishia kwamba vitaingia kwenye pedali zangu, na nilipofika nyumbani nikakuta kwamba kliti yenye bolti mbili haina pa kushika. Fedha nilirudishiwa nusu tu, baada ya simu nyingi. Kwa hiyo anayenunua ageuze kiatu kwanza na ahesabu: akikuta mifereji miwili sambamba katikati ya soli, hicho ni cha SPD, na akikuta matundu matatu yaliyopangwa kama pembetatu, akirudishe mahali pake.

Viatu ninavyovaa hadi leo nilivipata soko la Kongowea, Mombasa, kwenye mitumba. Muuzaji alikuwa ameviweka pembeni akidhani vina kasoro, kwa sababu ya hiyo mifereji ya chini, na alinipunguzia bei akiniomba radhi. Nilimwonyesha mifereji ile ni ya nini, akaniambia kwamba katika marobota yake vya namna hiyo hutokea mara kwa mara na watu huvikataa. Hilo ni jambo la kuzingatia kwa yeyote anayeona kwamba bei ya viatu vipya itamshinda.

Kazi ya kuzifunga nilimpelekea fundi wangu wa siku zote, mzee ambaye amekarabati baiskeli za mtaa wetu tangu nikiwa shule ya msingi. Alizipindua pedali mkononi, akazitazama hesi zake, akaniambia, "Dada, hii ya kushoto usiwahi kumwachia mtu aifunge kama bolti ya kawaida. Ya kulia inakazwa kwa kwenda kulia, ya kushoto inakazwa kwa kwenda kushoto. Ukilazimisha, unaiua krenki, huo mkono unaobeba pedali." Akapaka grisi kwenye hesi zote mbili kabla ya kuzikaza kwa spana, jambo ambalo katika hewa yetu ya chumvi halipaswi kuachwa, kwani chuma kilichokaa kavu humu mjini hushikana na chuma mwenzake kwa kutu.

Kuzipanga kliti nilikufanya mwenyewe, na kulinichukua jioni nzima. Huwekwa chini ya ile sehemu pana ya wayo nyuma ya kidole gumba, au nyuma yake kidogo, kisha mwelekeo wake hufuata jinsi mguu wako unavyosimama kwa kawaida. Mimi vidole vyangu hutazama nje kidogo. Wiki ya kwanza nilizipanga kliti zitazame mbele moja kwa moja kwa sababu zilipendeza hivyo machoni, na goti la kulia likaanza kuuma upande wa ndani kila nilipopita kilomita kumi. Nilipozigeuza kidogo maumivu yalikwisha ndani ya siku chache. Pedali hizi humruhusu mwendeshaji kuchezesha kisigino digrii chache kabla hazijafunguka, lakini nafasi hiyo haitoshi kufidia kliti iliyofungwa vibaya.

Sasa nije kwenye kujifunza kwenyewe, ambako ndiko nilikotaka kufika. Pedali ilitoka dukani springi yake ikiwa imekazwa kiasi cha kumtosha mshindani. Kuna skrubu ndogo nyuma ya kila taya, nayo huzungushwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 3. Pedali yenye pande mbili ina skrubu mbili, na jozi nzima ina nne, kwa hiyo ukilegeza moja na kusahau nyingine, mguu utatoka kirahisi upande mmoja na kugoma upande wa pili. Nilizilegeza zote nne hadi mwisho. Kisha kwa jioni tatu nilikaa juu ya baiskeli ukumbini, nimeushika mwimo wa mlango, nikawa nafunga na kufungua, mguu mmoja mara thelathini, kisha wa pili. Linachosha, lakini ndilo zoezi lililonifaa kuliko yote, kwa sababu hatari ikija hakuna nafasi ya kufikiri, na kisigino lazima kiwe kimeshajua njia yake.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye uwanja wa majani wa shule, asubuhi kabla ya watoto kufika, nikazunguka polepole, nikifungua mguu mmoja baiskeli ikiwa bado kwenye mwendo na ndipo nikisimama. Huo ndio utaratibu: unafungua mita kadhaa kabla ya kusimama, mguu ukiwa chini kabisa ya mzunguko. Na kwa kuwa kwetu huendeshwa upande wa kushoto wa barabara, mguu wa kufungua ni wa kushoto, ili ukanyage ukingoni mwa lami na wala si kwenye njia ya magari.

Nilianguka mara moja, na nitaeleza ilivyokuwa kwa sababu kosa lenyewe ni la kawaida. Ilikuwa karibu na soko. Tuktuk iliyokuwa mbele yangu ilisimama, nami nikafungua mguu wa kushoto kama nilivyojizoeza. Lakini katika kuikwepa nilikata usukani kushoto kwa ghafla, na mwendo ukiwa mdogo kiasi kile baiskeli hulala upande ulio kinyume na usukani. Nikaangukia kulia, upande wa barabara, mguu wa kulia ukiwa bado umefungwa. Bodaboda aliyekuwa nyuma yangu alisimama kwa wakati, Mungu amlipe kheri. Mama anayeuza mahamri na mbaazi pale kona alikuja mbio, akainama, akajaribu kunivuta mguu. "Pole, mwanangu. Mguu umenaswa na nini?" Nikamwambia, "Ni kiatu, mama. Kizungushe kisigino kije huku nje." Akakizungusha, kikatoka mara moja. Yeye ambaye hakuwahi kuiona pedali ile aliufungua mguu wangu kwa mkono mmoja, ilhali mimi, kwa hofu, nilikuwa nauvuta juu kwa nguvu zangu zote.

Jioni ile niliamua kubadilisha kliti. Shimano hutengeneza aina mbili zinazojulikana sana: SH51, ambayo ni nyeusi na huachia kwa kisigino kwenda upande tu, na SH56, ya rangi ya fedha, ambayo huachia pia mguu ukivutwa kwa nguvu kwenda juu kwa mshazari. Pedali nyingi huuzwa pamoja na kliti za aina ya kwanza. Jozi yangu inakubali zote mbili, na tangu nifunge SH56 sijanaswa tena. Wako wanaosema kwamba hizi huponyoka ukisimama kupanda mlima. Kwa njia zetu tambarare za pwani sijaliona hilo, nami namshauri anayeanza azifunge tangu siku ya kwanza.

Je, faida ipo? Ipo, ingawa haiko pale inapotangazwa. Nguvu nyingi za mwendeshaji bado hutokana na kusukuma chini, na asiwepo mtu wa kununua pedali hizi akidhani kwamba kuvuta juu kutamzidishia mwendo maradufu. Faida niliyoiona ni kwamba mguu haupotezi mahali pake. Siku za Jumapili hutoka mjini kabla ya jua kuchomoza, nikashika barabara ya Mombasa hadi Gede, nikapinda kushoto kwenda Watamu. Miezi ya kusi upepo hukupiga usoni safari nzima ya kwenda, nawe hulazimika kukanyaga bila kupumzika. Kwa pedali bapa nilikuwa nikirekebisha mguu kila mara, hasa nyayo zikilowa jasho au mvua za Mei zikinikuta njiani, na kwenye matuta mguu uliruka, pedali ikanipiga muundi. Kovu lake bado ninalo. Sasa napita matuta yaleyale, mguu umetulia, nami naweza kuushika mzunguko mmoja sawasawa hadi Watamu. Nikitoka mapema humsikia muadhini wa kwanza nikiwa barabarani, na hakuna wakati ninaoupenda zaidi juu ya baiskeli kuliko ule.

Adui wa pedali hizi hapa Malindi ni mchanga. Ukishuka ufukoni Silversands au ukapita njia za ndani kuelekea Mayungu, mchanga hujaa kwenye mfereji wa kliti na pedali haifungi tena hadi uugonge mguu chini au uukwangue kwa kijiti. Mbaya zaidi, hujaa kwenye vichwa vya bolti, ukachanganyika na chumvi na kuwa kama saruji, na siku ya kubadilisha kliti ufunguo hauingii. Dawa yake niliipata kwa kujaribu: nilidondosha nta ya mshumaa ndani ya kila kichwa cha bolti, na sasa nikitaka kuzifungua naichokoa kwa sindano. Springi naiosha kwa maji baridi kila nikitoka pwani na kuitia tone la mafuta mepesi ya mnyororo. Hata hivyo jozi yangu imeshaanza kuota kutu kwenye taya za nyuma, na kwa bei niliyolipa nilitarajia chuma bora zaidi.

Bolti za kliti zenyewe zikaguliwe baada ya safari ya kwanza, kisha kila baada ya wiki chache. Bolti moja ikidondoka, kliti hubaki imeshikwa na pedali huku kiatu kikizunguka peke yake, na hapo hata ukipeleka kisigino nje kiasi gani, mguu hautoki. Ninatembea na ufunguo wa milimita 4 mfukoni kwa ajili hiyo tu.

Kwa anayeishi Lamu mjini, katika vichochoro ambamo punda wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani, sioni sababu ya kuzinunua. Wala kwa anayetumia baiskeli kubeba mizigo, kwani mwenye mzigo nyuma anahitaji miguu yote miwili iwe huru wakati wote. Pedali zangu bapa ziko stoo zimepakwa grisi, na siku ya kwenda sokoni kuchukua gunia la nazi nazirudisha kwa spana, dakika kumi, ya kushoto kwa kwenda kushoto.