Html5shiv kwenye mashine za XP: kazi moja, inaifanya vizuri

Nina mteja hapa Lubumbashi, mama mwenye depo ya dawa huko Kamalondo. Kompyuta za kaunta yake ni za Windows XP, na hataki kusikia habari ya kuzibadilisha, maana programu yake ya stoki imezoea humo. Kwenye XP, kivinjari cha Internet Explorer kinaishia toleo la 8. Orodha ya bei niliyomtengenezea imeandikwa kwa HTML5, lugha ya kurasa za wavuti, yenye elementi (vipande vya ukurasa) kama header, nav, section na article. Kwenye simu yake inapendeza. Kaunta ikatoa maandishi yamerundikana, bila rangi wala safu.

Explorer 8 ikikutana na elementi isiyoijua jina, huifunga palepale na kuacha yaliyomo nje, hivyo CSS, yaani maagizo ya rangi na mpangilio, inakosa pa kushika. Dawa aliigundua mwanaprogramu Sjoerd Visscher: liite jina hilo mara moja kwa amri ya JavaScript document.createElement, nayo Explorer itaitambua elementi hiyo. John Resig alilitangaza jambo hilo mwaka 2008, na Remy Sharp akaandika skripti iliyoenea mwaka 2009. Hiyo ndiyo html5shiv. Ni faili dogo, la bure.

Liweke ndani ya head, sehemu ya mwanzo ya ukurasa. Ukilipeleka chini ya ukurasa pamoja na skripti nyingine, kama tulivyozoea siku hizi, litafika wakati mwili wa ukurasa umeshasomwa. Tena usilivute kutoka intaneti: Explorer ya XP haiwezi usimbaji wa HTTPS unaodaiwa na seva nyingi za leo. Langu liko kwenye seva ndogo ya depo yenyewe, na mega za intaneti za mama haziguswi.

Lililonifurahisha zaidi ni uchapaji. Kwa mama, orodha ni karatasi ya kubandika ukutani; skrini ni ya vijana wake. Skripti ya kawaida hupendeza kwenye skrini, ila ukichapa, elementi zinavurugika upya. Ndiyo maana kuna faili la pili, html5shiv-printshiv, lenye kazi ya Jon Neal ndani yake. Chukua hilo peke yake, maana lile la kwanza limo humo tayari. Karatasi ilipotoka na safu zake, mama aliigeuza huku na huku, akasema: “Papa, sasa iko bien.” Kwa mama huyu, hiyo ni sifa kubwa.

Usiidai zaidi ya hapo. Pembe za mviringo hutazipata. Media query, yaani masharti ya CSS yanayofuata upana wa skrini, nazo haizigusi. Kwa hizo kuna Respond.js ya Scott Jehl, ambayo sikuihitaji kwa skrini zisizobadilika upana. Na JavaScript ikizimwa, umerudi kwenye rundo.

Nimeifungia ndani ya sharti la “lt IE 9” (Explorer iliyo chini ya toleo la 9), ambalo vivinjari vipya huliona kama maelezo tu na kulipita. Siku mama akikubali kununua mashine nyingine, sitakuwa na cha kufuta.