TAHADHARI: Fundi wa projekta za zamani Arusha, kanila 420,000 na mkanda wa mzee umeungua

Jamani naandika hii mikono inatetemeka kwa hasira, na aibu pia sina pa kuiweka, maana nyie nyie ndo mliniambia nisimwachie mashine mtu nisiyemjua. Ile Elmo, projekta ya filamu ya mzee wetu, baba, mnaifahamu sirudii, na Krismasi ya nyumbani Kibosho mnajua usiku huwa tunakaa sebuleni kutazama mikanda aliyopiga mwenyewe. Nimetapeliwa. Hela nitatafuta nyingine, mkanda haurudi.

Mashine mota ilikuwa inaunguruma ila roda za meno, zile zinazosukuma mkanda, hazizunguki, na belti za ndani zilishayeyuka zikawa kama lami, ukizigusa zinakuganda vidoleni siku nzima. Nikapata namba ya huyu jamaa kwenye grupu la WhatsApp, nikaifunga mashine kwa kitenge nikapanda kosta Moshi mpaka Arusha nimeipakata, konda anataka aweke nyuma nikakataa. Jamaa akanipokea mwenyewe pale Mnara wa Saa, akanibebea, tukaenda mpaka kwenye kibanda upande wa soko la Kilombero.

Sasa mtu asije akaniambia nilikuwa mjinga. Huyu mtu ANAJUA kazi. Nilitoa rili moja ya mzee, kabla sijasema kitu akaiinua kwenye mwanga akaangalia matundu ya pembeni, akasema hii ni aina ya Super 8, ilianza 1965, matundu yake madogo, ile ya milimita 8 ya zamani matundu makubwa, ukiweka kwenye mashine isiyo yake inachanika. Halafu akaipeleka puani akanusa. Akasema dada, mikanda hii ikianza kuoza inanuka siki, yako nzima, mzee aliitunza. Nikasikia machozi yanakuja, kwa sababu mnajua mzee alivyokuwa na lile boksi lake juu ya kabati, hata sisi watoto hatugusi. Akafungua ubavu wa mashine, akanimulikia kwa tochi ya simu ile wanayoita womu gia, gia ya plastiki imejisokota kama skrubu, ndo inayozungusha zile roda, ina ufa mwembamba kama unywele. Akasema Elmo za aina hii ugonjwa wao ndo huo, plastiki inazeeka inapasuka yenyewe hata ikikaa tu. Na ni kweli! Nimeuliza baadaye kwa watu wengine, ni kweli kabisa, na hicho ndo kinachoniuma, ugonjwa aliutaja sawasawa akaamua kuniibia kwa huo huo ugonjwa. Akasema ya chuma anaagiza Ujerumani pamoja na belti, wiki tatu, nitangulize 250,000. Nikatuma pale pale nimesimama. Jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamke, akasema laini ya mke wangu, nikaona kawaida tu, wangapi wanatumia laini za wake zao.

Tarehe 20 Desemba nikarudi kuchukua. Nakuta ameshatundika shuka ukutani, mashine ipo mezani imefutwa vumbi inang'aa, akaweka mkanda wake mwenyewe wa katuni, mfupi, haufiki hata dakika, na mwanga ulikuwa mweupe jamani, mweupe kuliko enzi za mzee, nikasema ehee hapa kuna fundi. Nikamwambia basi tujaribu na wa kwangu, ninao kwenye mkoba. Akaushika mkono wangu taratibu kabisa. Dada usiharakishe, mkanda umekaa miaka mingi umesinyaa kidogo, nenda kaupitishie kitambaa laini kwanza, utazame kwa nafasi na familia. Nikalipa 170,000 iliyobaki. Nikampa na ya soda. Nikamwombea na Krismasi njema.

Usiku wa Krismasi watu wamejaa sebuleni, mama kakaa kiti cha mbele. Rili ya kwanza ikaenda vizuri, dakika tatu na kidogo, watu wanapiga makofi. Ya pili ndo ule mkanda wa 1977. Mnajua mzee ndo alikuwa anashika kamera siku zote, kwa hiyo kwenye mikanda yote hayupo, yupo kwenye huu mmoja tu, mama alimnyang'anya kamera pale kwenye migomba, yeye anakuja mbele na koti lake la kijivu anacheka, kanyoosha mkono anaitaka. Akafika katikati akasimama. Picha ikabaki inatetemeka pale pale, mashine inalia trrrrr, kumbe roda zimesimama na ile kucha ya kuvuta inachana matundu. Kifuani pake likatokea doa la kahawia, likaanza kuchemka kama uji, likapanda mpaka usoni. Mama akapiga kelele zimeni, mnamchoma. Kabla kaka hajafika kwenye swichi balbu ikapasuka yenyewe, giza.

Asubuhi kaka akafungua. Gia ni ile ile ya plastiki, imepakwa supa gluu, ufa unauona chini ya gundi. Belti moja mpya, nyingine ni raba mbili za kufungia hela zimesokotwa. Balbu ya mashine hii ni volti 15 wati 150, yeye kaweka ya volti 12 wati 100, umbo ni lile lile linaingia vizuri tu, kwa hiyo ule weupe niliousifia ni balbu inapigwa umeme kuliko uwezo wake. Ya mzee ilikuwa nzima, kabaki nayo!

Nimerudi Arusha tarehe 27. Kibanda ni cha kijana wa simu, anasema yule alikodi meza tu akaondoka. Namba haipatikani. Polisi nimeandikisha, na nataka afungwe, sitaki kusikia habari za kusuluhishana, mtu kama huyu alale rumande na kila mteja wake aje amwangalie usoni, arudishe hela ya kila mtu mpaka shilingi ya mwisho, na hiyo laini ya "mke" ifuatiliwe.

Ni mrefu, ana kipara mbele, mpole sana wa maneno. Risiti hatoi, anasema vitabu vimeisha. Spea za zamani hakurudishii, nilimwuliza gia iko wapi akasema nimetupa. Na asipokubali ujaribu na mkanda wako pale pale mbele yake, beba mashine yako uondoke.

Na mtu akiwatembezea balbu ya projekta volti 15 wati 150, imefungwa kwenye kipande cha flana ya bluu, hiyo flana aliikata mzee. Nipigieni usiku wowote.