Jiwe la King 1000/6000 kwa visu vyetu vya springi, linalipa?

Wadau, hili jiwe la kunolea la Kijapani lenye pande mbili (1000 ni upande wenye chembe kubwa, wa kunoa, 6000 ni wenye chembe ndogo sana, wa kung'arisha makali) nimekaa nalo vya kutosha sasa naweza kuliongelea. Visu vyangu ni vya wahunzi, vile vinavyofuliwa kwa springi za gari, vinashika makali kweli ila vikiwa butu watu wanakimbilia grainda ya umeme, cheche zinaruka, dakika mbili kisu tayari, kinakata siku chache halafu basi tena. Shida ni joto. Ukiona makali yamegeuka bluu ujue ule ugumu mhunzi aliokipa umeshaondoka hapo. Wanaonoa taratibu huku wanachovya maji sina neno nao.

King linataka maji tu. Upande wa kahawia, ule wa 1000, unalowekwa kama dakika 10, ule mweupe unaumwagia tu maji juu. Tope linalotoka usilioshe, ndo linalofanya kazi. Mgongo wa kisu unainua kidogo, kwa springi mimi nakaa kwenye digrii 20 hivi, unanoa upande mmoja mpaka upande wa pili ukipapasa unasikia kitu kinakwaruza kwenye ukingo (papasa kutoka mgongoni kwenda nje, usipitishe kidole kwa urefu wa makali jamani!), ndo unageuza. Wengi wanaacha kabla hawajakisikia kile kikwaruzo halafu wanasema jiwe bovu.

Upande wa 6000 kusema ukweli ni mbwembwe, karatasi inakatika kimya kimya na roho inafurahi, lakini kwa nyama na vitunguu 1000 inatosha, malizia kwenye mkanda wa ngozi. Kwenye nyanya mimi hata naona 1000 ni bora, inaacha vijimeno vya kushika ganda.

Kasoro yake ni laini, linaliwa katikati linafanya bonde. Inabidi ulisawazishe kwa msasa ulioulaza juu ya kioo, na ukizembea hapo hata pembe uwe unaijua vipi kisu hakinoleki vizuri. Kibao chake cha plastiki pia nakiwekea kitambaa kibichi chini kisiteleze. Na springi inashika kutu, ukimaliza kunoa futa upake mafuta ya kula.

Nililolipendea zaidi linafundishika, halina kelele, halina cheche, unakaa na mtu barazani anajaribu mwenyewe. Kijana wa buchani hapa mtaani nimemfundisha, ameshika haraka kuliko nilivyotegemea maana mkono wake umeshazoea kisu, sasa na yeye anamwelekeza mama wa chipsi. Jiwe wanaazima kwangu, sharti moja tu, panga lisiguse hapo. Panga lina tupa yake.