Mtambo mpya au kuziba mivujo? Maji ya Kampala wakati wa joto kali

Joto likizidi, matumizi ya maji hupanda. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda linaweza kujiandaa kwa njia mbili: kuzalisha maji zaidi, au kulinda yale yaliyokwisha kusafishwa.

Njia ya kwanza ina uzito wake. Mitambo ya Ggaba huvuta maji kutoka ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, ambako uchafu mwingi wa jiji huishia. Ziwa likipata joto, mwani huzaliana upesi, machujio huziba na kuhitaji kuoshwa kila mara, na huoshwa kwa maji yaleyale safi. Klorini nayo huisha haraka kwenye maji ya uvuguvugu. Mtambo wa Katosi, Mukono, unavuta maji yaliyo safi zaidi, lakini mtambo wa aina hiyo huchukua miaka na mikopo mikubwa, na umeme ukikatika bila jenereta, pampu husimama.

Mivujo je? Karibu theluthi moja ya maji yanayozalishwa haileti mapato: mengine huvuja, mengine huibwa. Fundi mwenye kibano cha bomba huziba mvujo siku hiyohiyo, na valvu ya kupunguza presha usiku huzuia mabomba kupasuka.

Mbarara, mji wa magharibi mwa Uganda, ni habari nyingine. Mto Rwizi unaoupatia maji hupungua sana kiangazi, na kuziba mabomba hakuongezi maji mtoni. Huko chanzo kingine ni lazima. Kampala, pesa za kwanza ningezipeleka kwenye mabomba, kuanzia mitaa ya vilimani ambako maji hukatika mapema na watu hubaki na jerikeni zao.