Apatimenti ya ufukweni Masaki: bahari haina kosa, uongozi wa jengo ndio balaa

Upepo wa Masaki, hapa Dar es Salaam, ni mtamu, hilo sibishi. Ukifungua mlango wa roshani upande wa bahari, asubuhi huhitaji hata feni, na tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022 kwenda mjini kumekuwa rahisi. Lakini ulipe kodi ile, ulipe na ada ya huduma, halafu viyoyozi vioshwe kwa maji ya kisima yenye chumvi? Hapana jamani.

Mashine ya nje ya AC ina vibati vyembamba vya alumini vilivyoshikana na mabomba ya kopa. Chumvi na unyevu vikikaa hapo, alumini ndiyo inayoliwa. Kwanza unatokea unga mweupe, baadaye ukivigusa kwa kidole vinapukutika. Joto linakosa pa kutokea, kompresa haipumziki, na umeme wa LUKU unayeyuka. Watu hudhani roshani yenye paa inasalimisha mashine. Wapi! Chini ya paa mvua haifiki, kwa hiyo chumvi inayoletwa na kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, inajirundika pale miezi na miezi. Ndiyo maana kuosha ni lazima, na ni lazima kwa maji matamu.

Nilimweleza maneja haya yote. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Kaka, maji ni maji. Kama huyataki, kanunue ya chupa uoshe mwenyewe." Mtu anayelipwa kwa ada zetu!

Fundi wao naye wimbo wake ni mmoja: gesi imeisha, tujaze. Gesi ya AC haiishi, inavuja. Fundi wa kweli anatafuta kwanza tundu kwa povu la sabuni, analiziba, anavuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, ndipo anajaza kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye lebo ya mashine. Huyu anakuja na mtungi na geji tu, anajaza, anaondoka, na baridi inapotea tena baada ya muda.

Kuosha kwenyewe si kazi kubwa. Zima umeme kwenye swichi kuu, tumia mpira wa kawaida wenye mkondo mdogo, maana mashine ya kuoshea kwa presha inalaza vibati na kuziba njia ya hewa. Mara moja kwa mwezi yatosha. Wakati wa kusi fanya kila wiki mbili. Maji yaonje kabla. Yakiwa na chumvi mdomoni, kwenye mashine usiyapeleke.

Anayekuja kuangalia nyumba ufukweni asishangae bahari tu. Sukuma mlango wa kioo uone kama magurudumu yake yameganda, kagua skrubu za bawaba, kisha chungulia nyuma ya mashine za AC. Mkataba nao useme wazi nani anabadilisha mashine ikiliwa na kutu.

Je, niwaambie msipange hapa? Jengo lenyewe ni zuri, vyumba vina hewa, walinzi wana adabu. Likipata maneja anayesikiliza, nitalisifia bila kusita. Nilitaka kutoa nyota tatu kwa ajili ya upepo. Lakini leo tena mpira umevutwa kutoka tangi lile lile la kisima, mashine za ghorofa nzima zimeogeshwa chumvi. Nyota moja.